Moyo Umetiwa Kifaa. Nani Atapima Damu Kakuma?

Ukitaka kuijua thamani ya kifaa cha tiba, usikitazame kikiwa kimepangwa katika maonyesho mjini Chicago. Kiulize kitafanyaje kazi Lodwar saa nane za mchana, na kitafanyaje kazi Kakuma siku ambayo magari yamesimama Kainuk kwa kuwahofia wezi wa mifugo. Nasema hivyo kwa sababu tumezoea kuletewa habari za uvumbuzi wa tiba kana kwamba mwili wa binadamu huishi hewani, pasipo joto, pasipo barabara, pasipo njaa. Miongoni mwa habari hizo ni zile za vifaa vidogo vinavyopandikizwa mwilini vikiwa na vihisi vya kemikali, ambavyo yasemekana vitaionja damu saa zote na kuuelekeza moyo bila kumngoja daktari.

Wazo lenyewe ni zuri, tena lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kifaa cha kwanza cha kuushtua moyo upige, yaani pesimeka, kilipandikizwa katika mwili wa binadamu nchini Sweden tarehe 8 Oktoba 1958. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson; mhandisi alikuwa Rune Elmqvist na daktari mpasuaji Åke Senning. Kifaa kile kilizimika baada ya saa chache, kikatiwa kingine, na baada ya hicho vingine zaidi ya ishirini. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, na wote wawili waliomwokoa wakatangulia kufa.

Pesimeka za mwanzo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Ziliupiga moyo kwa mwendo ule ule, mwenyewe akiwa amelala au akipanda mlima. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mwitalia, Leonida Cammilli, pamoja na wenzake walitafuta jibu katika kemia. Msuli ukifanya kazi, asidi katika damu huongezeka. Basi pesimeka ikiweza kuisoma asidi hiyo, itajua wakati wa kuharakisha na wakati wa kutulia. Waliitengeneza, wakawatia wagonjwa. Baadaye watafiti wa Ujerumani nao walijaribu kusoma oksijeni ya damu inayorejea moyoni.

Mwalimu wa kemia atautambua mara moja ugumu uliowakwamisha. Kihisi cha kemikali hakiwezi kufungiwa ndani ya kopo. Sharti kiiguse damu. Na mwili haumvumilii mgeni aliye uchi. Protini hukitanda, kisha kovu hukizunguka, na kile kinachopimwa hatimaye si damu bali ni lile kovu. Katika maabara fundi angekiosha kihisi na kukilinganisha upya na kimiminiko anachokijua. Kifuani mwa mtu hakuna wa kufanya hivyo. Ndiyo maana mshindi wa mashindano yale hakuwa kihisi cha kemikali, bali kihisi cha mtikisiko, ambacho hukaa ndani ya kopo lililozibwa na kuhisi tu kwamba mwenyewe anatembea. Kihisi kinachowekwa katika mshipa wa mapafu kwa ajili ya wagonjwa wa moyo uliochoka, ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014, nacho hupima shinikizo tu. Kihisi cha kemikali kinachozikwa chini ya ngozi ya mkono kimepata idhini huko mwaka 2018, lakini hicho hupima sukari, na sharti kibadilishwe muda wake ukiisha.

Watafiti hawajakata tamaa, na sina sababu ya kuwakatisha. Ninachouliza ni hiki: kama kazi ya kifaa hicho ni kuuongoza moyo kwa kuipima kemia ya damu, je, kazi hiyo inafanywaje leo kwa mtu wa Turkana ambaye tayari ana kifaa moyoni? Maana watu wa namna hiyo si wa kubuni. Na kifaa walicho nacho vijana wengi wa hali yao kina umri karibu sawa na pesimeka, ingawa hakina betri wala waya. Ni vali ya bandia.

Tuanzie mwanzo wa maradhi yenyewe, kwa kuwa mwanzo huo unapita mikononi mwa walimu kila siku. Mtoto anaumwa na koo. Baadhi ya makoo hayo huwa yameshambuliwa na bakteria aina ya streptokoki. Asipotibiwa, mtoto hupona koo, lakini baada ya wiki mbili tatu kinga ya mwili wake, iliyokuwa ikipigana na bakteria, hugeuka na kushambulia viungo na moyo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikimrudia mara kadhaa, vali za moyo, ambazo ni kama milango inayofunguka na kufungika kila pigo, huwa nene, hushikamana, huvuja. Msichana wa miaka 14 anaanza kuhema akipanda ngazi, anaambiwa ni mvivu wa michezo, na anapofika kwa daktari miguu imekwisha kuvimba.

Maradhi haya hufuata msongamano na ufukara. Katika nchi tajiri yamekuwa hadithi ya vitabuni. Kwetu bado yapo, na mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio maalumu la kuzihimiza serikali ziyakabili. Kakuma ni mahali pa kuyatazamia. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei ina wakimbizi wapatao 300,000, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 926,976. Katika shule za huko darasa la wanafunzi zaidi ya 100 si jambo la kushangaza. Koo moja likianza kuuma Jumatatu, Ijumaa haliko peke yake.

Vali ikiharibika kabisa, sharti irekebishwe au itolewe na kutiwa nyingine. Tangu mwaka 1960, Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walipofaulu kule Oregon kwa vali iliyokuwa na kigololo ndani ya kizimba, vali za bandia zimeokoa watu wasiohesabika. Ziko za aina mbili. Moja imetengenezwa kwa kaboni ngumu na metali. Hudumu miaka mingi, lakini damu ikiigusa hutaka kuganda juu yake. Nyingine imetengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Damu haiichukii sana, lakini kwa kijana huchakaa upesi, na baada ya miaka kama kumi hivi kifua hufunguliwa tena. (Mkimbizi Mwislamu ana haki ya kuambiwa vali yake imetoka kwa mnyama gani kabla hajalala kwenye meza ya upasuaji. Wauguzi waungwana huliuliza jambo hilo mapema.)

Aliyetiwa vali ya kaboni hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na dawa hiyo ni wafarini. Asili yake itawafurahisha wafugaji. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula nyasi fulani zilizovunda. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link mtamba aliyekufa pamoja na mtungi wa damu isiyotaka kuganda. Link na wanafunzi wake waliisaka kemikali iliyohusika kwa miaka kadhaa, wakaipata, na kutokana nayo ikazaliwa wafarini. Kwanza iliuzwa kama sumu ya panya. Baadaye ikawa dawa ya watu. Waturkana, ambao tangu zamani huteka damu shingoni mwa ng'ombe na kuikoroga kwa kijiti ili isigande kabla ya kunywewa, hawahitaji mhadhara mrefu kuelewa kwamba kuganda kwa damu ni jambo linaloweza kuamuliwa.

Taabu ni kwamba sumu na dawa hapa zimetenganishwa na kipimo tu. Damu ya mtu asiyetumia wafarini hupata alama 1 katika kipimo kiitwacho INR. Mwenye vali ya kaboni mahali pa vali ya mitrali hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Akishuka chini, donge laweza kufanyika juu ya vali, likaikwamisha, au likanyofoka na kwenda ubongoni, naye akaamka amepooza upande mmoja. Akipanda mno, damu huvuja, kwanza kwenye ufizi na puani, pengine ndani ya fuvu. Hakuna daktari, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kumtazama mgonjwa usoni na kukisia INR yake. Sharti damu ipimwe: mara kwa mara sana mwanzoni, kisha kila mwezi au zaidi kidogo hali ikitulia.

Msomaji aliyesoma habari za tiba atasema kwamba sasa kuna dawa mpya zisizohitaji kipimo. Ni kweli zipo, na kwa maradhi mengine zimesaidia sana. Lakini dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye vali za bandia za kaboni, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa waliopewa dawa mpya waliganda damu na pia kuvuja damu kuliko waliotumia wafarini. Na mwaka 2022 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 24 kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpango, ambao hawakuwa na vali za kaboni, ulionyesha kwamba rivaroksabani ilishindwa na dawa za jadi ya wafarini. Walioitumia walikufa zaidi. Wengi walitarajia kinyume. Kwa hiyo mgonjwa wa baridi yabisi amebaki na dawa ya zamani, na dawa ya zamani imebaki na kipimo chake.

Hapa ndipo kihisi cha kemikali kinaporejea, ila hakiko kifuani. Kiko katika kipande chembamba cha plastiki kinachochomekwa kwenye mashine ndogo ya kushika mkononi. Tone la damu kutoka kidoleni hunyonywa na kipande hicho, hukutana na kemikali inayoianzishia kuganda, na kuganda kunapofika hatua fulani kimeng'enya cha damu hukata molekuli iliyotegwa pale, ambayo huachilia kitu kinachozalisha mkondo mdogo wa umeme kwenye elektrodi. Mashine huhesabu sekunde zilizopita na kutoa INR. Ni jamaa wa karibu wa mashine ya kupima sukari, na ukoo wao wote unarudi kwa Leland Clark, ambaye mwaka 1962 alieleza jinsi kimeng'enya kinavyoweza kuwekwa juu ya elektrodi ili kupima sukari ya damu. Walimu wa fizikia na kemia wana somo zima hapo.

Tena ukoo huu si mgeni vijijini kwetu. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na katika mikoba waliyokabidhiwa mlikuwa na mashine za kupima sukari. Hivyo kihisi cha kemikali kimekwisha kupiga hodi kwenye manyatta. Kilichobaki ni binamu yake mpima INR, ambaye anahitajiwa na watu wachache zaidi, lakini wanaomhitaji hawana njia nyingine.

Hebu tupige hesabu ya mwenye vali aishiye Kakuma. Kliniki ya umma inayojulikana sana kwa kazi hii magharibi ya Kenya iko Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ilianzishwa kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii kwa ushirikiano na mpango wa AMPATH na Chuo Kikuu cha Purdue, na huendeshwa na wafamasia, si madaktari bingwa. Jambo hilo pekee ni funzo kubwa: kazi ya kurekebisha wafarini yaweza kufanywa vizuri na mfamasia aliyefundishwa. Lakini kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na kutoka Lodwar hadi Eldoret ni zaidi ya 330. Kwenda na kurudi ni kilomita 900. Akipimwa mara moja kwa mwezi, kijana huyo atasafiri kilomita zaidi ya 10,000 kwa mwaka ili kutoa tone moja la damu. Barabara imekuwa bora kuliko zamani, nashukuru, lakini hata lami haiufupishi umbali. Si bure kwamba mkoloni, alipotaka kumweka Mzee Kenyatta mbali na kila mtu mwaka 1959, alimpeleka Lodwar.

Na kama ni mkimbizi, nauli si kikwazo cha kwanza. Sharti apate kibali cha kutoka kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwezi Machi 2025 vimeahidi kuwafungulia wakimbizi milango ya huduma za kitaifa, na ni vyema tuipime ahadi hiyo kwa mambo madogo kama haya. Damu haingoji muhuri.

Isitoshe, hali ya Turkana inaisukuma INR huku na huku kuliko hali ya Eldoret. Wafarini hushindana na vitamini K, ambayo imejaa katika mboga za majani na imo pia katika mafuta ya soya. Mfugaji wakati wa mvua huishi kwa maziwa, ambayo yana vitamini hiyo kidogo. Ukame ukija anahamia unga, mafuta ya msaada na chochote kinachopatikana. Mkimbizi naye hula kulingana na mgawo, na mwaka 2025 mgawo wa Kakuma ulipunguzwa vikali fedha za wafadhili zilipokauka. Kijana aliyerekebishiwa dozi akila milo miwili kwa siku si yule yule anapokula mlo mmoja. Ongeza dawa nyingine. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, huimeza nguvu ya wafarini. Kotrimoksazoli, inayopewa watu wengi wenye virusi vya UKIMWI, huikuza. Kila mojawapo ya mabadiliko haya yanadai kipimo ndani ya siku chache, si safari ya mwezi ujao.

Kuna la wasichana, nalo ni zito kuliko yote. Wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wengi ni wa kike, na wengi hutiwa vali wakiwa katika umri wa kuolewa. Wafarini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kuiacha bila kuweka kingine mahali pake huweza kumwua mama. Njia za kupita katikati zipo, ila zote zinahitaji daktari, sindano za kila siku na vipimo vya karibu. Kwa hiyo swali la aina gani ya vali atiwe binti wa Kakuma haliwezi kuwa swali la mpasuaji peke yake. Pale ambapo vali yake mwenyewe yaweza kurekebishwa, irekebishwe. Pale isipowezekana, aelezwe waziwazi: hii ya kaboni inataka kipimo maisha yote na itakutisha ukibeba mimba, hii ya mnyama itachakaa ukiwa na miaka 25 au 30 na tutakupasua tena. Mimi kwa binti aishiye kilomita 450 kutoka kwa kipimo ningeelekea ile ya mnyama, nikijua vyema kwamba madaktari wengi watanipinga, na kwamba upasuaji wa pili si mzaha.

Sasa nirudi kwa lile joto la saa nane. Vipande vya kupimia INR kwa kawaida huagizwa vitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30 za selsiasi, na mashine zenyewe huacha kufanya kazi joto likizidi kidogo hapo. Lodwar hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, mwaka mzima. Kipande kilichopikwa kwenye boneti ya pikipiki au kwenye kabati la bati hukataa kusoma, au kibaya zaidi, kinaweza kusoma uongo. Dawa ya tatizo hili si uvumbuzi wa karne ijayo. Ni jokofu dogo la sola, chumba chenye kivuli, na kliniki inayofunguliwa alfajiri. Watu wa Turkana hufanya kazi zao nyingi kabla jua halijapanda. Ni ofisi zetu zinazofuata saa za Nairobi.

Atakuja mwerevu aniambie: huoni kwamba unajenga hoja ya kihisi cha kupandikizwa? Mtu akiwa na kihisi ndani ya mwili, umbali utakufa, joto halitakuwa na neno maana mwili una nyuzi 37 daima, na taarifa zitaruka kwa simu hadi Eldoret. Hoja hii ina nguvu na siidharau. Kama siku moja kitapatikana kihisi cha namna hiyo kinachodumu, Turkana kitafaa kuliko London, kwa kuwa London kipimo kiko mtaa wa pili. Ila leo hakuna kihisi kinachopandikizwa moyoni katika tiba ya kawaida ili kupima kuganda kwa damu. Na hata kikipatikana, kitasema tu namba. Sharti awepo mtu Lodwar wa kuipokea namba hiyo na kubadilisha vidonge. Anayeshindwa kumweka mtu huyo leo kwa ajili ya mashine ya mkononi hatamweka kesho kwa ajili ya mashine ya kifuani.

Tumekwisha kuona mambo haya. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodisha mashine ghali za hospitali na kuzigawa kwa kaunti zote 47. Mahali pengine zilisaidia; pengine zilikaa zimefunikwa kwa kukosa mtaalamu, maji au umeme, hata Seneti ikaunda kamati ya kuuchunguza mpango mzima, nayo ikatoa ripoti kali mwaka 2020. Turkana yenyewe ina mfano wa kinyume chake. Kuanzia 1987 hadi 2006, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya upasuaji Lopiding, karibu na Lokichoggio, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Palitengenezwa miguu ya bandia kwa waliokatwa. Mguu wa bandia ni kifaa kama vali: mtoto akikua unambana, kamba zikikatika sharti fundi awepo. Kilichowawezesha watu kutembea ni karakana iliyokuwa pale pale, ambamo mguu ungeweza kurejeshwa ukapimwa upya.

Kuna habari njema pia. Mwezi Novemba 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo ya jaribio la pesimeka zilizotolewa kwa watu waliokwisha kuzitumia, zikasafishwa na kutiwa wagonjwa wasio na uwezo katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Zilifanya kazi sawa na mpya. Huu ni ukarimu wa akili, na utafanya vifaa vya moyo kuwafikia watu ambao hawakuvitarajia. Kwa hiyo hesabu ya watu wenye vifaa moyoni itazidi hata katika kaunti kama Turkana, na swali la nani atawafuatilia litazidi pia.

Ajabu ni kwamba damu ya Mturkana haijakosa wa kuisoma. Wanasayansi wa Kenya na Marekani wameipima kwa miaka mingi. Mwaka 2020 walionyesha kwamba waliohamia mijini wana dalili mbaya zaidi za maradhi ya moyo kuliko wanaofuga. Na Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wao kuhusu jeni zinazowasaidia Waturkana kuishi kwa maji kidogo na kwa chakula cha mifugo. Kazi hizi ni za heshima na wenyeji walishirikishwa. Lakini kama damu iliyotekwa jangwani inaweza kuhifadhiwa kwenye baridi, ikasafirishwa na kusomwa herufi kwa herufi, hakuna atakayenishawishi kwamba tone la mwanafunzi mwenye vali haliwezi kupimwa Lodwar na Kakuma.

Gharama si kisingizio. Wenye vali si wengi. Ndiyo sababu kila kaunti huwasahau, na ndiyo sababu kuwahudumia ni rahisi. Mashine moja katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar, moja Kakuma kwa ajili ya wenyeji na wakimbizi pamoja, mfamasia mmoja kila mahali aliyepata mafunzo Eldoret, na akiba ya vipande isiyokatika. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani mwezi Oktoba 2024, ikilipia vali na isilipie kipimo chake, itakuwa imenunua nusu ya matibabu. Na mashirika ya hisani yanayowapeleka watoto kupasuliwa Nairobi, Bomet au ng'ambo yasikubali kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya kuandika kwenye barua yake jina la kituo kitakachompima, siku atakayopimwa, na nani atalipa baada ya mwaka wa kwanza.

Walimu hawawezi kungoja bajeti. Koo la mtoto linalouma pamoja na homa lipelekwe zahanati, kwa maana penisilini ya shilingi chache ndiyo inayoizuia hadithi hii yote isianze. Na aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi ahimizwe kwenda kwa sindano yake ya kila wiki tatu au nne, hata ikiwa ni siku ya mtihani. Mwanafunzi mwenye vali ajulikane kwa mwalimu wa darasa na kwa matroni, awe na daftari lenye tarehe na namba za INR, na akipewa dawa yoyote mpya aulize kwanza. Ufizi wake ukivuja damu bila sababu, au mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukilegea, asiambiwe akalale bwenini hadi asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na daftari liende naye.